Sauti Tatu, Njia Nne: Tarehe ya Muziki wa Chipu

Mwaka 1982 kampuni ya Commodore ya Marekani iliingiza sokoni kompyuta ya nyumbani, Commodore 64. Ndani yake mlikuwa na chipu ya sauti iliyoitwa SID, kazi ya mhandisi Bob Yannes. Kompyuta nyingi za bei ya chini wakati huo zilijua kupiga mlio tu. SID ilikuwa na chujio la sauti na mawimbi ya aina nne, kama kinanda cha umeme. Si ajabu, kwani Yannes alikuwa na mapenzi na vinanda hivyo, na baadaye alishiriki kuanzisha Ensoniq, kampuni iliyovitengeneza.

Tatizo lilikuwa moja: SID ilitoa sauti tatu tu kwa wakati mmoja. Ukishaweka besi, ngoma na sauti inayobeba wimbo, nafasi imekwisha.

Waliogeuza upungufu huo kuwa ufundi ni watunzi wa gemu wa Uingereza. Martin Galway alifanya kazi Ocean Software, Manchester. Rob Hubbard, mzaliwa wa Hull aliyewahi kuishi kwa kupiga muziki, alitunga mwaka 1985 muziki wa gemu ya Monty on the Run ambao wapenzi wa SID wanaukumbuka mpaka leo. Walitumia sauti moja kubeba kazi mbili: ngoma inagonga kwa kitambo kidogo mno, kisha besi inarudi pale pale. Walipotaka noti tatu zilie pamoja, walizizungusha kwa zamu hadi mara 50 kwa sekunde, na sikio likazipokea kama mlio mmoja unaotetemeka. Mtetemo huo ndio uliokuja kuwa alama ya muziki wa chipu.

Lakini Hubbard aliandika muziki wake kama programu, noti zikiwa tarakimu. Kijana aliyetaka kujifunza kwake ilibidi kwanza awe mtaalamu wa kompyuta.

Mlango ulifunguliwa na Mjerumani, Karsten Obarski, mwaka 1987. Aliandika Ultimate Soundtracker kwa ajili ya Amiga, kompyuta ambayo chipu yake ya Paula ilikuwa na njia nne za kupiga sauti zilizorekodiwa. Kioo kilionyesha safu nne zilizosimama, na wimbo ulishuka mstari kwa mstari, mistari 64 kwa kila kipande. Kila mstari ulibeba noti, namba ya ala na amri fupi. Katika programu za ukoo huo, ziitwazo traka, ukiandika 047 mbele ya noti, kompyuta huizungusha pamoja na noti mbili za juu yake, ya nusu-hatua nne na ya nusu-hatua saba. Ujanja wa mafundi wa SID ukawa tarakimu tatu tu.

Kubwa zaidi, faili ya wimbo ilibeba kila kitu: noti, amri na sauti za ala zenyewe. Aliyeifungua aliona wimbo ulivyofumwa, akatoa ngoma aliyoipenda na kuitia katika wimbo wake. Programu yenyewe haikusalimika. Wajuzi waliifumua na kuisuka upya; NoiseTracker ikatoka Sweden mwaka 1989, ProTracker ikafuata mwaka 1990.

Baadaye ufundi uliingia mfukoni. Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, ilitoka mwaka 1989 ikiwa na njia nne za sauti, lakini haikukusudiwa kutungia muziki. Oliver Wittchow, aliyesoma sanaa Hamburg, aliipa programu ya kutungia, nanoloop, mwaka 1998. Mwaka 2000 Johan Kotlinski wa Sweden akaleta Little Sound Dj, ambayo wapigaji wanaiita LSDj: traka nzima katika katriji, inayoendeshwa kwa vitufe vinane. Wapo wanaofungua mashine na kuchomelea waya kabla sauti haijafika kwenye kikuza-sauti cha ndani, ili besi itoke safi. New York nako, kundi la 8bitpeoples lilianza mwaka 1999, na tamasha la Blip likafuata mwaka 2006.

Desturi ya kuchukuliana sauti ilifika mahakamani. Mfini Janne Suni alikuwa ameshinda shindano katika Assembly, mkutano wa wasanii wa kompyuta nchini Finland, mwaka 2000 kwa wimbo Acidjazzed Evening, na Mnorwei Glenn Rune Gallefoss akautengenezea toleo la Commodore 64. Kampuni iliyodai haki za toleo hilo ilimshtaki mtayarishaji wa muziki Timbaland kwamba alilitumia katika Do It, wimbo wa mwimbaji Nelly Furtado. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Marekani iliunga mkono kutupwa kwa kesi hiyo, kwa sababu kazi haikuwa imesajiliwa nchini humo kabla ya mashtaka.

Finland ilichukua njia nyingine. Mwaka 2020 iliiingiza jamii ya mikutano kama Assembly, pamoja na muziki wake, katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika; Ujerumani ikafuata mwaka 2021. Wapigaji wenyewe wana urithi wa karibu zaidi wa kulinda. Katriji nyingi za zamani hutunza nyimbo kwa nguvu ya betri ndogo ya duara, na betri ikifa nyimbo zimepotea. Kwa hiyo huhamishia kazi zao kwenye kompyuta mapema, kisha huchomoa betri iliyochoka na kuchomelea mpya.