Tiba ya Utando wa Jicho, Kutoka Meru na Embu

Mwaka 1922, Daktari Clive Irvine wa misheni ya Kiskoti alipofika Chogoria, kwenye ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na kuasisi tiba iliyozaa hospitali mashuhuri, mtu aliyebanduka retina, yaani ule utando wa ndani upokeao nuru, hakuwa na dawa ya kutegemewa popote duniani. Kwani ni katika miaka hiyo hiyo ambapo tabibu Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, alikuwa akiwabainishia wenziwe waliomshuku kwamba asili ya maradhi ni tundu katika utando, nalo likizibwa kwa moto, utando hurejea mahali pake. Ugunduzi huo, kwa rai yangu, wayapita yote yaliyoufuata.

Katika miaka ya 1970 Robert Machemer, huko Miami, alibuni chombo cha kukata na kufyonza ute wa jicho, ili tabibu aufikie utando. Mwanzoni mwa karne hii vyombo vikapunguzwa hata vikawa na unene wa nusu milimita, vipenyavyo mara nyingi pasi na haja ya kushona.

Wagonjwa wa Meru na Embu huifuata tiba hii mbali, kwa mfano katika Hospitali ya Kikuyu, ambayo idara yake ya macho ilianza mwaka 1975. Aliyetiwa gesi jichoni ili kuushikilia utando hana budi kuichagua njia ya kurejea: gesi hutanuka mtu apandapo juu, ikaweza kulidhuru jicho, na kwa aendaye Meru barabara ya Timau hupanda zaidi kuliko ile ya Embu.