Michezo na Masomo: Historia Inavyotufunza, kutoka Korogwe hadi Handeni

Mwaka 1967 Tanzania ilifanya mambo mawili ambayo ni nadra kuyasoma kwa pamoja. Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililokosoa elimu inayoishia kwenye mtihani. Na Bunge likatunga sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Darasa na uwanja vilihesabiwa kuwa malezi ya raia yuleyule.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 fikra hiyo iligeuzwa. Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Joseph Mungai, ilipiga marufuku mashindano ya michezo shuleni kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Serikali ya Awamu ya Nne iliyarejesha, lakini sehemu ya kizazi kilichonyimwa uwanja ilikwisha kuelekea vyuo vya ualimu, kama kile cha Korogwe. Mwalimu ambaye hakucheza atafundishaje mchezo?

Hoja ya muda haikuwa ya kipuuzi. Mwanachuo anayesafiri na timu hukosa vipindi, na mtihani haumsubiri. Kosa lilikuwa kutibu ugonjwa wa ratiba kwa kuufuta mchezo. Suleiman Nyambui aliponyakua medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Katika mfumo wa vyuo vya Marekani, mwanamichezo hushindana iwapo tu masomo yake yamefikia kiwango kilichowekwa. Mizani imo ndani ya kanuni. Haikuachwa mikononi mwa kijana peke yake.

Sisi bado tunamwambia mwanachuo "jipange", kisha tunapanga mechi na jaribio siku moja. Mzigo huo ni mzito zaidi katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwamo cha Handeni. Vyuo hivi hupokea pia vijana waliokatizwa masomo, wakiwamo mama wadogo: mtoto, darasa na uwanja vyote vinagombea saa zilezile.

Wakuu wa vyuo na maofisa elimu wa Tanga hawahitaji waraka mpya ili kuanza. Ratiba ya michezo itolewe pamoja na ya mitihani, vipindi vilivyokosekana vifidiwe, na kiwango cha ufaulu cha kuchezea timu kijulikane mapema. Marufuku tulikwisha kuijaribu. Tulichokwepa hadi leo ni kupanga.