Wavuvi Wameondoka, Nanga Ziko Ukutani

Mwaka 1864, katika mji mdogo wa Southwold, pwani ya mashariki ya Uingereza, mjane wa Kapteni Charles Rayley wa jeshi la majini alijenga chumba cha kusomea kwa ajili ya wavuvi na mabaharia. Alitaka wanaume wanaotoka baharini wawe na pa kukaa, wasome, wapige soga, wasiingie baa. Chumba hicho kipo hadi leo, kimeelekea Bahari ya Kaskazini. Hatua chache tu kutoka mlangoni pake ipo baa iitwayo Lord Nelson, nayo ipo hadi leo.

Ingia chumba cha kusomea. Utakuta mifano ya meli ndani ya makabati ya vioo, sanamu za mbao zilizokuwa kwenye omo za meli, picha za wavuvi wazee wenye ndevu na sweta nzito. Kisha vuka uingie baa. Utakuta meli tena, mabaharia tena, na Admirali Nelson, ambaye baa imepewa jina lake, akikutazama kutoka kila pembe. Tofauti ni kwamba huku kuna kaunta na pampu za bia. Mama Rayley, Mungu amrehemu, hakushinda wala hakushindwa. Vyumba vyote viwili vimekuwa makumbusho ya watu wale wale waliokuwa wakigombaniwa.

Watalii wengi huyatazama mapambo ya baa za pwani ya Uingereza, yaani nanga, makasia, taa za shaba, maboya na nyavu darini, wakadhani ndivyo zilivyokuwa tangu zamani. Mimi naona mambo yalikuwa kinyume. Mvuvi aliyeshinda na nyavu kutwa hakuhitaji kuziona tena darini jioni. Alitaka kukauka, kuota moto na kunywa. Vyombo vya baharini vilipanda ukutani kadiri vilivyokosa kazi majini.

Southwold ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hilo, kwa sababu mji wenyewe ni mdogo, una wakazi wapatao elfu moja, na kila kitu kimebanana. Mnara wa taa wa kuongozea meli, mweupe, uliokamilika mwishoni mwa karne ya 19, haukusimama kwenye mwamba wa upweke kama katika picha za kalenda. Uko katikati ya nyumba za watu. Chini yake ipo baa ya Sole Bay Inn, na jirani yake kiwanda cha bia cha Adnams. Siku za kupika bia, harufu ya kimea huenea mitaani.

Jina la Sole Bay lina damu ndani yake. Mwishoni mwa Mei 1672, kwa kalenda ya wakati ule, meli za Waingereza na wenzao Wafaransa zilikuwa zimetia nanga mbele ya mji huu. Admirali wa Uholanzi, Michiel de Ruyter, akazivamia alfajiri. Walipigana kutwa nzima. Meli kubwa ya Royal James iliteketezwa kwa moto, na Jemadari wake, Edward Montagu, akazama. Maiti yake iliokotwa baharini siku kadhaa baadaye, ikatambuliwa kwa nishani iliyokuwa katika mavazi yake. Kila upande ulidai umeshinda. Mkuu wa Waingereza siku hiyo alikuwa James, mdogo wake mfalme, yeye huyo huyo aliyekuwa kinara wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyopewa hati mwaka ule ule wa 1672 na ikasafirisha maelfu kwa maelfu ya watumwa kutoka Afrika Magharibi. Hilo hutalikuta kwenye ukuta wa baa. Utakachokuta ni bia: Adnams walipoadhimisha miaka 300 ya vita hivyo mwaka 1972 walitengeneza bia nzito ya rangi ya kahawia iliyoiva, wakaiita Broadside, jina la mizinga ya ubavu mzima wa meli inapofyatuliwa kwa pamoja. Inauzwa bado.

Bia na jeshi la majini vilikuwa ndugu wa siku nyingi. Maji ya kunywa yalioza ndani ya mapipa melini, bia ikakawia zaidi, hivyo kwa muda mrefu kila baharia aligawiwa galoni moja kwa siku, yaani takriban lita 4 na nusu. Mgao huo wa bia ulikoma mwaka 1831. Ule wa ramu uliendelea hadi 31 Julai 1970. Baharia aliyezoea kipimo hicho akishuka nchi kavu, mtu gani wa kumpa kitabu badala ya kikombe?

Upishi wa bia hapa Southwold ni wa kale kuliko vita vya 1672. Kumbukumbu za mji zinamtaja mwanamke, Johanna de Corby, mpika bia wa mwaka 1345, aliyetozwa faini kwa kukiuka kanuni za uuzaji. Zamani hizo kazi ya kupika bia ilikuwa ya akina mama majumbani, na wakaguzi walikuwa hawawaachii wapumue.

Kiwanda cha sasa kina hadithi inayotuhusu zaidi. Mwaka 1872 ndugu wawili, George na Ernest Adnams, walikinunua kwa msaada wa baba yao. George hakutulia. Aliiacha biashara, akasafiri kuja Afrika, na kwa simulizi ya kampuni yenyewe, huko akaliwa na mamba. Ernest akabaki na mapipa yake, kampuni ikasimama. Msomaji wa Nairobi hapo atakuwa ameshakumbuka kisa kingine: Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waasisi wake, George Hurst, akauawa na tembo mawindoni. Bia ya Tusker ikapewa jina la tembo huyo mwenye pembe. Akina George wawili wa bia, na wanyama wawili wa Afrika. Adnams hawakuitia chupa yao picha ya mamba, na kwa maoni yangu walikosa fursa.

Ila Tusker na bia ya Southwold si kitu kimoja. Bia zetu nyingi za chupa ni laga: huchachushwa polepole kwenye ubaridi, huchujwa, hujazwa gesi, hunywewa baridi. Bia ya kale ya Kiingereza huchachushwa kwenye joto la kawaida, hamira ikipanda juu kama povu zito, kisha hutiwa ndani ya pipa ingali hai. Hamira haijafa wala kuchujwa. Inaendelea kufanya kazi yake ndani ya pipa, kwenye ghala la chini ya sakafu ya baa, na gesi iliyomo ni ile iliyojitengenezea yenyewe. Anayeijua mbege ya Kilimanjaro ataelewa upesi: ni kinywaji chenye uhai, chenye siku zake, kisichopenda safari ndefu.

Mtunza ghala ana kazi ya kiufundi hasa. Pipa likifika hulazwa na kuachwa litulie. Kigingi laini cha mbao huchomekwa juu ili gesi iliyozidi itoke. Joto la ghala ni nyuzi 11 hadi 13 hivi, ndiyo maana mgeni akionja mara ya kwanza hulalamika kwamba bia ina vuguvugu. Siyo vuguvugu. Ni ubaridi wa shimoni, na chini ya hapo ladha ya kimea hujificha. Kaunta nayo haina bomba la kufungua kwa kidole. Ina mpini mrefu wa pampu, mashine ambayo Joseph Bramah, fundi wa makufuli, aliiwekea hataza mwaka 1797. Mhudumu huuvuta mara mbili tatu, bia ikapanda kutoka chini kwa nguvu ya mkono wake.

Ili bia hiyo iwe angavu bila kuchujwa, wapishi wa jadi hutia ute unaotokana na mabondo, vile vifuko vya hewa vya samaki, vilivyokaushwa na kusindikwa. Hushika chembe za hamira na kuzizamisha chini ya pipa. Zamani mabondo yalitoka kwa samaki wa mito ya Urusi. Sangara walipojaa Ziwa Victoria, mabondo yao nayo yakaanza kukaushwa Mwanza na Kisumu na kuuzwa nje. Mengi yalikwenda Asia kupikwa supu, mengine Uingereza kusafishia bia. Kwa hiyo mzee anayesifu bia ya kwao, maji ya kwao na shayiri ya kwao, huenda anakunywa kilichotakaswa na samaki wa kwetu. Siku hizi wapo wapishi walioacha mabondo kwa ajili ya wateja wasiokula nyama wala samaki.

Bia hii ya pipa ilikaribia kufa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 makampuni makubwa 6 yalikuwa yamemeza viwanda vingi vya mikoani, na yalipendelea bia iliyochujwa, kupashwa joto na kusukumwa kwa gesi ya mtungi. Inasafiri, haichachi, haimhitaji mtunza ghala. Mojawapo iliyotangazwa kwa kishindo ilikuwa Red Barrel ya Watney's. Machi 1971 vijana 4 wa Kiingereza waliokuwa likizoni magharibi ya Ireland walikaa katika baa ya Kruger's, kijijini Dunquin, wakaamua kuanzisha kampeni ya kuitetea bia ya pipa. Ndiyo CAMRA. Ilianza kama utani wa walevi na ikawa miongoni mwa kampeni za wateja zilizofanikiwa kuliko nyingi barani Ulaya, yenye wanachama zaidi ya laki moja. Viwanda vidogo vilivyokuwa vimekataa kumezwa, Adnams kimojawapo, vikajikuta ghafla vimekuwa mashujaa kwa kuendelea tu kufanya vilichokuwa vikifanya. Hata farasi wakubwa wa Adnams waliendelea kuvuta mikokoteni ya bia mitaani Southwold hadi 2006.

Kuna mtu mmoja wa mji huu ambaye hakusubiri 1971 ili kuanza kulalamika. Wazazi wa Eric Blair walihamia Southwold mwaka 1921, naye akarudi hapo mara kwa mara baada ya kuacha upolisi wa kikoloni Burma. Jina lake la uandishi, George Orwell, alilichukua kutoka mto wa mkoa huu huu wa Suffolk. Sisi tunamjua kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Mwaka 1946 aliandika gazetini London makala fupi kuhusu baa anayoipenda kuliko zote: haina redio wala kelele, wahudumu wanawajua wateja kwa majina, kuna bustani nyuma na vikombe vya kaure vyenye mpini. Mwishoni alikiri kwamba baa hiyo haipo, kaibuni mwenyewe. Cha kuchekesha ni kwamba tangu hapo wenye baa wengi wamekuwa wakijaribu kuijenga, na wengine wameishia kununua vitu vya kale kwa jumla ili ionekane ya kale.

Turudi kwa wavuvi. Mwanzoni mwa karne ya 20 bandari ya Southwold ilikarabatiwa kwa tamaa ya samaki wa heringi, waliokuwa wakivuliwa kwa wingi wa ajabu katika bandari za jirani za Lowestoft na Great Yarmouth. Kilele kilikuwa 1913. Vita vikaja, masoko ya Ujerumani na Urusi yakafungwa, na neema haikurudi tena kama zamani. Reli nyembamba iliyoanza mwaka 1879 ilifungwa 1929. Uvuvi wa kupita kiasi ukamalizia, hata mwaka 1977 uvuvi wa heringi katika Bahari ya Kaskazini ukapigwa marufuku kwa muda. Mashua chache bado zinauza samaki kwenye vibanda kando ya mto Blyth.

Huko mtoni iko Harbour Inn, baa ninayoiamini kuliko zote mjini, kwa sababu pambo lake kubwa halikununuliwa. Ni alama ukutani inayoonyesha bahari ilifika wapi usiku wa 31 Januari 1953. Dhoruba ilisukuma maji ya Bahari ya Kaskazini nchi kavu. Uingereza walikufa watu 307, Uholanzi zaidi ya 1,800. Southwold walikufa watu 5. Alama hiyo iko juu kuliko kichwa cha mnywaji aliyesimama.

Leo nyumba nyingi za wavuvi ni za mapumziko za watu wa London, zenye majina ya samaki na ndege wa pwani, na zimefungwa sehemu kubwa ya mwaka. Wenyeji wanalalamika, na wana haki: mtoto wa mvuvi hawezi kununua nyumba alimozaliwa babu yake. Nyumba zikifungwa wanywaji nao hupungua, na bia hai ina hesabu yake. Pipa la kawaida ni galoni 9, yaani painti 72, na likishafunguliwa lina siku tatu hivi kabla halijaanza kuchacha. Agosti, pipa hilo halimalizi jioni. Januari, mji ukiwa kimya, mwenye baa hulazimika kuchagua kati ya kupunguza aina za bia au kumwaga bia iliyoharibika. Ndiyo maana baadhi ya baa za pwani kama hizi huagiza mapipa madogo ya painti 36 wakati wa baridi, na kurudia makubwa Pasaka ikikaribia, magari ya London yanapoanza kuonekana tena.