Ugali Dagaa wa Saa Mbili Usiku: Waliouvumbua Hawajulikani Hata Majina

Kuna ile posti inayozunguka kila mwezi ukianza kuchacha. Upande mmoja wa picha kuna kuku na chipsi, imeandikwa "tarehe 30". Upande wa pili kuna ugali dagaa, "tarehe 18". Tunacheka, tunawatumia washkaji, maisha yanaendelea. Leo nataka tukae kidogo kwenye hiyo picha ya pili, maana ina stori ndefu kuliko watu wanavyodhani.

Wapo wanaosema ugali dagaa ni chakula cha mababu. Wengine wanaona ni chakula cha mtu aliyefulia. Mimi naona wote wamekosea. Huo ni msosi wa watu waliobanwa na kazi na pesa kwa wakati mmoja, na umetengenezwa kidogokidogo ndani ya kama miaka mia moja hivi, wengi wa waliohusika wakiwa akina mama ambao hakuna kitabu kilichowaandika.

Kwanza sahani yenyewe. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, yakafika pwani yetu enzi za Wareno, na hata jina lake linasikika kama la kitu kilichotoka Uhindini. Nyanya asili yake ni hukohuko Amerika. Pilipili hivyohivyo, maharage na muhogo pia. Kwa hiyo babu wa babu yako, kama alikuwa mtu wa bara, kuna uwezekano mkubwa ugali wake ulikuwa wa mtama, uwele au ulezi. Mahindi yalikuwepo sehemu nyingi, ila mara nyingi yalikuwa ya kuchoma au kuchemsha yakiwa mabichi, siyo mfalme wa kila usiku kama leo.

Na ugali wa zamani haukuwa kitu cha haraka hata kidogo. Unga wa sembe wa kinu unaandaliwa hivi: mahindi yanatwangwa kwanza kutoa makapi, yanapepetwa, yanalowekwa siku kadhaa, yanaoshwa, yanaanikwa kidogo, yanatwangwa tena mpaka yawe unga, unachekecha, zile chenga unarudisha kwenye kinu. Hapo bado kuni na maji havijatafutwa. Mtu ukimwambia "leo tupike kitu simple tu, ugali" angekushangaa sana.

Sasa ilikuwaje chakula chenye kazi hivyo kikawa ndiyo mkombozi wa mtu anayetoka kazini amechoka?

Inabidi tupite Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo hiihii ya simu na nguo. Jina limetokana na jeshi la wapagazi la Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps, ambao walipiga kambi hapo baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Nairobi nao wana Kariokor yao, stori ni hiyohiyo. Wapagazi hawa walipewa unga wa mahindi kwa sababu ulikuwa rahisi kununua na kusafirisha kwa wingi. Wengi walitoka sehemu ambazo hawakuzoea kula mahindi, unga wenyewe ulikuwa haujasagwa vizuri, na kambini hapakuwa na muda wala vyombo vya kuupika ukaiva. Matumbo yakaharibika, kuhara damu kukawaua wengi sana. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwenye vita ile, na magonjwa yaliua kuliko risasi. Majina ya wengi hayakuandikwa. Kwa hiyo ukimsikia bibi anakugombeza kwamba ugali wako haujaiva, msikilize tu.

Baada ya vita yale mahindi hayakuondoka. Kwenye mashamba ya mkonge, reli na bandari, mfanyakazi alipewa posho, yaani unga wake wa wiki. (Posho hiyohiyo ambayo siku hizi inasainiwa kwenye vikao vya hotelini. Neno limepanda cheo.) Wakoloni waliuona mji kama mahali pa mwanaume aliye peke yake: mshahara ulipigiwa hesabu ya tumbo moja, na familia ibaki kijijini ijilishe yenyewe. Familia zikaja mjini hivyohivyo. Ndipo mama fulani, ambaye hatumjui, akajikuta ana chumba kimoja cha kupanga Ilala au Magomeni, ana watoto, na hela ya kulisha mtu mmoja. Hana shamba nyuma ya nyumba. Kuni zinauzwa. Maji yanauzwa.

Kilichomwokoa ni mashine ya kusaga. Sijui kwa nini hatuisemi zaidi, maana kwa maisha ya mwanamke wa kawaida naona ilibadilisha mengi kuliko redio. Kazi ya siku kadhaa ikawa ya foleni na sarafu chache. Sembe nyeupe ikawa ndiyo ustaarabu, dona ikaonekana ya kishamba, ingawa dona ndiyo inayobaki na kiini na ganda lake, kwa hiyo ina virutubisho zaidi. Leo tunainunua kama chakula cha afya. Maisha haya!

Halafu ikaja miaka ya kubana. Ukame wa 1973 na 1974 ulipiga nchi vibaya, serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, hadi mjini watu wakaotesha mboga kwenye kila kipande cha ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 mambo yakawa magumu tena. Sabuni foleni, sukari foleni, unga foleni. Ndipo ukaja unga wa mahindi ya njano kutoka nje, wananchi wakaubatiza "unga wa Yanga". Wazee wa Simba walikula hivyohivyo, hakukuwa na namna. Mwaka 1984 serikali ikaondoa ruzuku ya sembe, bei ikapaa, na mishahara ilikuwa imeshaliwa na mfumuko wa bei kiasi kwamba ya mwezi mzima haikufika hata katikati ya mwezi.

Hapa ndipo wahusika wetu wanapoingia kwa nguvu. Mke ambaye mumewe alikuwa karani au fundi kiwandani akaanza kukaanga vitumbua, kuuza maandazi, kupika na kuuza chakula kwenye maeneo ya ujenzi na bandarini. Wateja wakanyoosha sahani, "Mama, n'tilie!" Mama ntilie akapata jina kutokana na kazi, jina lake halisi likabaki kwa majirani. Mwaka 1983 ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioonekana hawana kazi rasmi wakawa wanakamatwa na kurudishwa vijijini. Hebu fikiria: unalisha familia nzima na wafanyakazi wa nusu ya mtaa, halafu karatasi inasema wewe huna kazi.

Mama huyo aliamka alfajiri na kurudi giza limeingia, baada ya kugombania basi la UDA. Alipofika alikuta watoto wana njaa. Hakuwa na saa mbili za kuchemsha maharage, na mkaa wa kuyachemshia ulikuwa pesa. Maharage yalipikwa kwa ujanja: yanatupiwa jikoni baada ya chakula cha usiku, yanaiva taratibu kwenye makaa yanayozimika, kesho yanaungwa tu. Siku nyingine zote ilikuwa zamu ya dagaa.

Dagaa ni kitu cha akili sana, tuache utani. Kigoma wanavuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, wanaanikwa juani, wanasafiri kwa treni mpaka Dar bila kuhitaji friji. Unanunua kwa kopo au kwa fungu, kulingana na ulichonacho mfukoni siku hiyo. Ziwa Victoria nako kuna stori yake: sangara walipandikizwa miaka ya 1950, wakawamaliza furu wengi, lakini dagaa wakastahimili na kuongezeka. Minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya. Dagaa wakabaki kwetu.

Upishi wake hadi leo ni uleule. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto kuondoa mchanga, kaanga na kitunguu mpaka wakauke, nyanya, chumvi, kamulia limao. Pembeni mchicha, ambao bonde la Msimbazi limelisha jiji hili miaka na miaka, kwa sababu unavunwa ndani ya wiki chache tu tangu upandwe. Wakati mboga inaungwa, maji ya ugali yanachemka. Kwenye jiko moja la mkaa unapika mboga kwanza, unafunika, unasonga ugali mwisho ili uliwe wa moto. Waliokuwa na jiko la mchina la mafuta ya taa walikuwa matajiri wa muda. Nusu saa, watu wananawa mikono.

Hizo mbinu zote, kuanzia mpangilio wa sufuria mpaka maharage ya makaa yanayozimika, hakuna aliyezisomea. Majirani waliibiana uani. Sasa hivi naona video za "mlo wa familia wa dakika 30 kwa bei poa" zina watazamaji kibao, mtu ana jina, ana akaunti, ana wadhamini. Sina ubaya nao, na mtungi wa gesi umetusaidia wote. Ila ukiangalia vizuri, utaratibu ni uleule wa yule mama wa Magomeni.

Kwa hiyo wadau, kama nyumbani kwenu kuna bibi, shangazi au mama aliyewahi kuupika unga wa Yanga, mpigie leo umuulize aliunga na nini na walikula wangapi. Halafu njoo hapo chini kwenye maoni utuambie. Na ukiweka, weka na jina lake.