Kalamu Inayoficha Ncha Yake

Ukibahatika kuishika kalamu aina ya Hero 616, usikimbilie kuandika. Iangalie kwanza. Ni kalamu ya kujaza wino kutoka China, bei yake chee kabisa. Sasa tafuta ncha yake. Huioni, eti? Imefunikwa na ganda la plastiki, na kilichobaki nje ni kijisehemu kidogo tu, kama kobe anayechungulia.

Wengi hudhani ni urembo. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe ganda lile lilikuwa jibu la tatizo la kikemia, na tatizo lenyewe lilishakufa zamani.

Turudi Marekani. Miaka ya 1930 kampuni ya Parker, yenye makao yake Janesville, Wisconsin, ilihangaikia wino unaokauka haraka, ili mtu akishaandika asihitaji kugandamiza karatasi ya kukaushia juu ya barua yake. Wataalamu wake wakapata wino wenye besi kali, unaopenya ndani ya karatasi badala ya kukaa juu yake ukisubiri kukauka. Safi sana. Ila ulikuja na balaa mbili. Kwanza, besi ile ilikuwa inaila seluloidi, plastiki iliyotumika kutengenezea kalamu nyingi za wakati huo. Pili, wino unaokauka haraka kwenye karatasi hukauka haraka kwenye ncha pia.

Jibu lao lilitoka 1941 kwa jina la Parker 51. Mwili ulikuwa wa akriliki, ambayo wino ule haukuiweza. Ncha ikafunikwa ili hewa isiikaushe. Ndani ya ganda, nyuma ya ncha, wakaweka kipande chenye mapezi membamba mengi yaliyopangana kama kurasa za daftari. Wino hushikwa kwenye nafasi kati ya pezi na pezi kwa nguvu ya kapilari, ile ile inayopandisha maji kwenye utambi. Kalamu hiyo iliuzwa dola 12.50, pesa nyingi wakati huo. Na chupa ya wino ilikuwa na onyo: usiutumie kwenye kalamu nyingine.

Hapo ndipo Shanghai inapoingia. Mwaka 1931 Zhou Jingting alianzisha huko kiwanda cha kalamu ambacho baadaye kilikuja kuitwa Hero. Baada ya mapinduzi ya 1949 dola iliingiza mkono wake viwandani, na ilipofika 1958, wakati wa kampeni ya Kusonga Mbele kwa Kishindo, viwanda viliambiwa vishindane na mabepari. Kaulimbiu ya kiwanda hiki ilikuwa moja: Hero imfikie Parker. Tunda lake likawa Hero 100, yenye umbo la Parker 51 na ncha ya dhahabu. Hero 616 ni mdogo wake: ncha ya chuma, bei ya mwananchi.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba waliiga jibu bila swali. Wino ule mkali hata Parker wenyewe waliuacha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaacha kutengeneza Parker 51. Shanghai wakaendelea. Kwa miongo mingi, mwanafunzi asiye na hela aliyetaka kujua jinsi kalamu ile ilivyofanya kazi alikuwa na mwalimu mmoja wa bei rahisi, nayo ni kopi.

Je, ni wizi? Mimi nasema hapana, ilimradi kalamu imeandikwa jina lake yenyewe. Hataza huisha muda. Umbo likabaki la wote. Kalamu iliyobandikwa jina la mwingine ni habari tofauti, hiyo ni feki. Na usicheke: hata Hero 616 ina feki zake. Kopi ya kopi! Niliwahi kuuziwa moja hivyo, ikanichafulia mfuko wa shati siku ya kuwasilisha pendekezo la utafiti.

Basi ukinunua, ioshe kwanza kwa maji na tone la sabuni, maana mafuta ya kiwandani huuzuia wino kutiririka. Zamisha ncha yote kwenye chupa, bonyeza kifuko, achia, subiri kidogo, rudia. Usiweke wino wa kuchorea. Ukikauka humo ndani umekwisha.

Na usiiache na wino kidogo. Hewa iliyomo hutanuka kwa takribani asilimia 1 kila joto likipanda nyuzi 3. Ukiwa na nusu mililita ya hewa, na kiganja chako kikaipasha kwa nyuzi 10, unasukuma nje karibu theluthi ya tone. Kwenye kalamu nzuri yale mapezi huupokea wino huo na kuushikilia. Kwenye ile feki yangu hayakuwa mapezi ya maana, ndiyo maana shati liliharibika.

616 halali ninayoitumia sasa huwa naiacha wazi mezani nikinakili maelezo ya maabara. Naondoka, nasoma kipimo, narudi. Inaandika pale pale ilipoishia.