Upasuaji wa kupunguza uzito
Tiba ya unene uliokithiri, ambayo mkazi wa Kibirizi, Kigoma, akiihitaji huweza kuipata Muhimbili-Mloganzila, Dar es Salaam. Njia mojawapo ni puto, ambalo si upasuaji hasa, na hukaa tumboni kwa miezi kadhaa kisha likaondolewa. Kuukata mfuko wa tumbo, ukabaki kama robo yake, hakurejesheki, na huweza kuzidisha kiungulia. Ama kuupunguza mfuko huo na kuuunganisha na sehemu ya mbele zaidi ya utumbo mwembamba, njia iliyoasisiwa na Edward Mason wa Marekani katika miaka ya 1960, humfaa zaidi mwenye kisukari au kiungulia sugu, lakini humlazimu kutumia vitamini na madini umri wake wote. Dagaa na migebuka ya ziwani, ingawa ni protini bora, havitoshi badala ya vitamini na madini hayo. Asiye na hakika ya dawa na vipimo vya kila mwaka huko Kigoma asiiharakie njia hii ya mwisho.