Kujificha kwa Kufanana

Mwaka 2010 Peter Eckersley wa shirika la Electronic Frontier Foundation, Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio la Panopticlick. Watu walifungua tovuti moja, nayo ikasoma yale ambayo kivinjari hujisemea chenyewe: toleo lake, fonti, ukubwa wa skrini, majira ya saa. Hakuna lililokuwa siri. Lakini yalipojumlishwa, kati ya vivinjari 470,161, asilimia 83.6 havikuwa na pacha. Vidakuzi mtu huweza kuvifuta. Alama inayotokana na mjumuisho huo haifutiki, kwa kuwa haikuwekwa na mtu, ni sura ya kifaa chenyewe.

Lililo zito zaidi katika utafiti ule halikukumbukwa sana: baadhi ya waliojikinga ndio waliotambulika upesi. Vivinjari kadhaa vilijitangaza kuwa ni iPhone huku vikiwa na Flash, programu ambayo iPhone haikuipokea kamwe. Anayejifunika uso sokoni ndiye anayetazamwa. Hata ombi la kutofuatiliwa, ambalo mtu aliliwasha kwenye Safari kwa nia njema, Apple iliiondoa huduma yake mwaka 2019 ikihofia kwamba ombi lenyewe lingetumika kumtambua mwombaji. Ndiyo maana nashikilia kwamba kinga ya kweli ni kufanana na wengine. Tor Browser, kivinjari cha faragha, ilielewa hivyo mapema, na mwaka 2019 ikaanza kuuzungushia ukurasa pambizo tupu, ili dirisha likikuzwa tovuti iendelee kuona vipimo vinavyoshirikiwa na wengi. Simu nazo zina neema ya kiwandani, maana za toleo moja hutoka na skrini na fonti zilezile. Utafiti wa mwaka 2018 uliotumia alama zaidi ya milioni mbili kutoka tovuti kubwa ya Ufaransa ulikuta asilimia 18.5 tu ya alama za simu zikiwa za pekee. Basi anayenunua simu ya faragha, kisha akaipachika viongezi na kubadili kila mpangilio, anaitupa neema hiyo kwa mikono yake.

Wapo watakaopinga kwa mfano wa kivinjari cha Brave, ambacho tangu mwaka 2020 huchanganya baadhi ya majibu ili kila tovuti ione sura tofauti. Njia hiyo inafaa, sibishi. Ila inafaa kwa sababu watumiaji wote wa Brave huchanganya kwa namna moja. Angefanya hivyo mtu mmoja, mchanganyiko ungekuwa ndio jina lake. Wengine watasema kwamba mtumiaji wa Tor hujulikana kuwa ni wa Tor. Ni kweli, lakini kujua kundi la mtu si kumjua yeye. Gharama ipo pia, na ni halali kuitaja: Tor Browser huziambia tovuti zote kwamba saa yake ni ya UTC, hivyo aliye Dar es Salaam huoneshwa miadi yake saa tatu nyuma, sawa na jirani yake asiyemfahamu, na sawa na aliye Toronto ambaye yeye huoneshwa saa za mbele.